Kanga, urojo, taarabu na Tingatinga: ninavyovilipia bila kusita

Nina kipimo kimoja cha kitu kizuri: anayekiuza, mwenyewe anakitumia? Muuza kanga akiwa kajifunga kanga ya duka lake, na muuza urojo akiwa na bakuli lake pembeni, mkoba wangu unafunguka wenyewe. Kipimo hiki kimenifaa Dar na Unguja pia. Kwenye vitu vinne nitakavyovisema hapa, kimefanya kazi kwa vitatu, cha nne kimenishinda.

Kanga kwanza, maana ndiko pesa yangu nyingi inakoishia. Nanunua Mtaa wa Uhuru, asubuhi, kabla wateja wa jumla hawajafika na mabegi yao. Kanga mpya ina wanga, kwa hiyo dukani zote zinasimama vizuri na kukudanganya. Ichukue kwenye kona, isugue kwa vidole mpaka ilainike, halafu inyanyue uiangalie kwenye mwanga. Ukiona vitundu, jua baada ya kufuliwa utakuwa umejifunga chandarua. Kingine, omba uzi mmoja wa pembeni uuchome: pamba inaacha jivu, mchanganyiko unaganda kidonge cheusi. Muuzaji mwenye mali safi hakatai. Anayekasirika, muage kwa heshima uende duka la pili.

Angalia pia kama mji, yaani uwanja wa ndani wa kanga, umekaa katikati na pindo zimelingana pande zote, kwa sababu doti unaikata mwenyewe na kumpelekea fundi akunje. Chapa ikiwa imekwenda upande, fundi hana la kufanya, na jina, yale maneno ya kanga, linabaki limepanda mlima. Nyekundu na nyeusi ziloweke peke yake mara ya kwanza. Mimi natia chumvi kama alivyonifundisha mama, ingawa fundi wangu huwa ananicheka.

Shangazi yangu wa Mombasa, yeye haya yote hana habari nayo. Anataka leso, ndivyo waitavyo kanga huko, yenye maandishi ya Mali ya Abdulla, ya wale wa Mtaa wa Biashara walioanza biashara tangu 1887, basi. Nimezivaa zake nikiwa kwake na lazima niseme ukweli: rangi inashika, na kadiri inavyofuliwa ndivyo inavyolainika bila kuchakaa. Kama una mtu anakuja kutoka Mombasa, mwagize.

Na jina lisome mpaka mwisho kabla ya kulipa. "Wema hauozi" unaweza kumpa yeyote. "Japo sipati tamaa sikati" naipenda mno, ninayo ya bluu nimeivaa mpaka imekuwa ya kulalia. Lakini "Hasidi hana sababu" ukimpelekea wifi kwenye arobaini ya mtoto wake, utaulizwa na ukoo mzima ulikuwa na maana gani.

Urojo, ule mchuzi mchachu wa Zanzibar, ni wa alasiri. Wageni wengi wanaufuata Forodhani usiku, na sisemi vibaya juu ya bustani ile. Tangu ilipofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati, inapendeza kukaa, na juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi ni sababu tosha ya kwenda. Pizza ya Zanzibar pale ni ya kujaribu ukipita, ila sijamwona mwenyeji wa mitaa ya Ng'ambo, hapo hapo mjini Unguja, akiifuata kwa miguu yake. Urojo wa maana unaupata kwenye vibaraza vya mitaani, kwa bi mkubwa mwenye sufuria moja na foleni ya watoto wa madrasa.

Ninachokitafuta kwanza ni uchachu. Uwe wa embe mbichi au ukwaju na ndimu, unaokufinya nyuma ya taya. Uji wenyewe uwe mwepesi, rangi ya manjano, usiwe mzito wa kusimamisha kijiko. Huku Dar, wengi wanaouza kwa jina la Zanzibar mix wanazidisha unga ili bakuli lijae, na hapo ladha inakufa. Ndani nataka bhajia ndogo za dengu, kachori, kiazi, mshikaki mmoja au miwili, kisha chatine ya nazi na pilipili. Chipsi za muhogo ziwe za mwisho kabisa, juu, uzisikie zikivunjika. Kuna kibanda kimoja nilikula ambako walizitia chini kabisa, nikapewa kitu kama kitambaa kilicholowa. Sirudi. Bakuli zuri ni rahisi kuliko sahani ya chipsi kuku na linashibisha mpaka usiku.

Taarabu nitaisema kwa upendeleo: napenda ile ya zamani, yenye fidla, udi, nai, akodiani na kanuni. Rusha roho, taarabu ya kisasa, iko mahali pake, harusini, na nikiwa upande wa bi harusi nacheza kama wenzangu. Lakini kinanda kimoja hakiwezi kufanya kazi ya kanuni yenye nyuzi zaidi ya 70. Unguja bado kuna Ikhwani Safaa, ya tangu 1905, na Culture Musical Club ya 1958. Ukipata bahati ya kuwasikiliza wakifanya mazoezi, nenda, hata kuliko onyesho lenyewe, maana pale wanapiga kwa ajili ya masikio yao. Anapokosea mpiga fidla wanasimama, wanacheka, wanaanza upya. Kwenye onyesho beba noti ndogondogo za kumtunza mwimbaji. Ukisubiri chenji, ubeti uliokugusa umeshapita. Nyimbo za Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili, nazisikiliza nyumbani. Mikwaruzo ni mingi, spika ya simu haifai, tia vifaa vya masikioni.

Sasa picha za Tingatinga, hapo ndipo kipimo changu kinapovunjika. Wachoraji niliowatembelea Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, wengi nyumbani kwao hawana picha hata moja ukutani. Na si ajabu. Edward Said Tingatinga alipoanza mwaka 1968, akipaka rangi za mafuta za kung'aa kwenye vipande vya ubao, wanunuzi wake walikuwa wageni wa mitaa ile. Alifariki 1972, wanafunzi na ndugu wakaendeleza, ushirika wao ukaundwa 1990, na mnunuzi mpaka leo ni mgeni zaidi kuliko jirani. Basi niseme nini? Nina chui mmoja sebuleni, kaka yangu kila akija anamhamishia macho kutoka kwenye mpira, na simuuzi.

Ukienda, ruka safu za twiga waliosimama mbele ya jua linalozama. Muulize mchoraji anapenda kuchora nini asipoagizwa. Nilivyofanya hivyo nilitolewa picha za zahanati, mganga na watu wa soko, nzuri kuliko wanyama wote. Gusa rangi kwa ncha ya kidole kabla hawajaikunja, kwa sababu rangi ya mafuta inachelewa kukauka na wao wanafunga kwa gazeti. Ikishika, utafika nyumbani na tembo mwenye matokeo ya ligi mgongoni.