Seti ya matone ya kupimia maji: kifaa cha kununua kabla ya samaki

Tangi langu la kwanza lilikuwa la lita 80, na katika wiki yake ya pili maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba mgeni mmoja aliuliza kama kweli nimelijaza, ilhali samaki walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine bila kidonda wala doa mwilini. Muuzaji aliyeniuzia tangi, chujio na taa alikuwa amenihakikishia kwamba maji yakionekana safi ni safi, na akaniongezea chupa ya dawa ya ukungu ambayo haikusaidia chochote. Samaki wa nne alipokufa ndipo niliponunua seti ya kupimia maji kwa matone, na kipimo cha kwanza kabisa kikatoa rangi ya kijani iliyokolea: amonia miligramu 2 kwa lita, katika maji yanayotakiwa kusoma sifuri. Tangu siku hiyo nimemaliza seti moja na kuingia ya pili, nikizitumia kwa tangi hilo na kwa kidimbwi cha samaki wa dhahabu kilichoko nje, na tathmini hii inatokana na matumizi hayo ya miaka mitatu. Sitaji jina la kampuni, kwa sababu seti nyingi za aina hii hufanya kazi kwa namna inayofanana sana na hutofautiana zaidi katika chupa na kadi.

Ndani ya kisanduku mna chupa ndogo za kudondoshea, vichupa vinne vya kioo vyenye mstari wa mililita 5, kadi ya rangi na karatasi ya maelezo. Vinavyopimwa ni vitu vinne: pH (kiwango cha uasidi wa maji, ambapo namba ndogo humaanisha asidi zaidi), amonia, nitriti na nitrati. Mtumiaji husuuza kichupa kwa maji ya tangi, hukijaza hadi kwenye mstari, hudondosha idadi ya matone iliyoelekezwa, hukifunga na kukitikisa, husubiri dakika tano kwa vipimo vingi, kisha hulinganisha rangi na kadi. Kazi yote huchukua takriban robo saa, na haihitaji ujuzi wowote wa kemia isipokuwa subira ya kuhesabu matone huku chupa ikishikwa wima kabisa, kwa maana chupa iliyoinamishwa hutoa matone yasiyolingana ukubwa.

Thamani ya seti imo katika jinsi namba za amonia, nitriti na nitrati zinavyoeleza, zikisomwa pamoja, hali ya chujio. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua, na chakula kinachooza chini ya changarawe huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria waliojishikiza kwenye sponji ya chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huistahimili ikiwa kidogo na ambayo huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Tangi jipya halina bakteria hao kwa wingi unaohitajika, nao kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka. Anayetia amonia kidogo au chakula katika tangi tupu na kupima kila baada ya siku mbili huyaona mabadiliko hayo waziwazi: amonia hupanda kwanza, kisha hushuka nitriti ikipanda, hatimaye zote mbili hurudi sifuri na nitrati huanza kujikusanya. Hapo ndipo samaki wanapopaswa kuingia, nao waingie wachache wachache. Mimi niliwatia siku ileile niliyojaza maji, na kwa kuwa sikuwa na kipimo, sikujua kwamba nilikuwa nimewafungia ndani ya choo chao wenyewe.

Karatasi za maelezo za seti zote mbili nilizotumia zinasema machache mno kuhusu jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingestahili kuchapwa kwa herufi kubwa: namba ya amonia haisomwi peke yake. Kipimo hujumlisha amonia yenye sumu kali pamoja na amonium, ambayo madhara yake ni madogo zaidi, na mgawanyo wa hizo mbili hutegemea pH na joto la maji. Katika nyuzi 25 za selsiasi, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya jumla hiyo katika umbo lenye sumu. pH ikifika 8 sehemu hiyo huwa asilimia 5 hivi, na katika pH 9 hupita theluthi moja. Kwa hiyo miligramu 1 inayowasumbua samaki kidogo katika tangi moja yaweza kuwaua katika tangi la jirani. Mimi hupima pH kila ninapoona dalili ya amonia, na ikizidi 7.5 hubadilisha nusu ya maji siku hiyohiyo, kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto linalokaribiana na la tangi. Nashauri pia kila mnunuzi aanze kwa kupima maji ya bomba kabla ya kulilaumu chujio lake, kwani maji yanayotibiwa kwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hayawi salama kwa kuachwa wazi kwenye ndoo usiku kucha kama yale ya klorini. Sharti yatiwe dawa, nayo dawa inapoivunja kloramini huachia amonia ambayo kipimo huionyesha.

Udhaifu wa kwanza wa seti ni kadi ya rangi. Tofauti kati ya sifuri na 0.25 ya amonia ni tofauti kati ya njano na njano inayoelekea kijani, na chini ya taa ya sebuleni hata mwenye macho mazima hawezi kuapa ameona ipi. Nimezoea kusimama karibu na dirisha mchana, kichupa kikigusa sehemu nyeupe ya kadi, huku kando yake nimeweka kichupa cha pili chenye maji yaliyokenekwa na kutiwa matone yaleyale, ili nijue sifuri ya siku hiyo inafananaje. Mtu asiyetofautisha rangi vizuri atahitaji msaidizi, na ni kasoro kwamba kisanduku hakimwambii hivyo kabla hajalipa.

Udhaifu wa pili nusura unidhalilishe. Moja ya chupa mbili za nitrati hubeba unga unaotuama, na usipotikiswa kwa nguvu kwa angalau nusu dakika, kipimo husoma chini kuliko ukweli. Kwa miezi minne kipimo changu kilitoa njano safi, nami nikajisifu mbele ya wenzangu kwamba mimea yangu inakula nitrati yote. Siku moja niliigonga chupa ile mezani mara kadhaa, nikaitikisa hadi mkono ukachoka, nikapima tena: wekundu uliotokea ulikuwa wa miligramu 80 kwa lita, mara mbili ya kiwango cha 40 ambacho wafugaji wengi hawapendi kukivuka. Anayetilia shaka chupa yake ayeyushe punje chache za mbolea ya nitrati katika glasi ya maji, mbali na tangi, kisha ayapime. Yasipokuwa mekundu, chupa imeharibika au haijatikiswa. Ikumbukwe vilevile kwamba nitriti ikiwa nyingi, kama inavyokuwa katika tangi changa, kipimo cha nitrati huihesabu pia, hivyo namba hiyo isiaminiwe mpaka nitriti irudi sifuri.

Vipande vya karatasi vya kuchovya majini ni vya haraka zaidi, nami sivibezi kwa mtu mwenye tangi lililokwisha tulia ambaye anataka kujua tu kama kuna kilichobadilika. Hata hivyo vingi havipimi amonia, na kopo likifunguliwa mara kwa mara katika hewa yenye unyevu, vipande vilivyobaki huanza kudanganya.

Katika kidimbwi cha nje seti imenifaa kwa namna ambayo sikuitarajia. Maji ya kidimbwi ni ya kijani kwa sababu ya mwani, na mwani huvuta hewa ya ukaa wakati wa jua, jambo linalopandisha pH, kisha usiku huiachia na pH hushuka. Nilipopima alfajiri nilipata 7.4, na saa kumi alasiri ya siku hiyohiyo nikapata 8.6, bila kutia wala kutoa chochote. Kwa hesabu niliyokwisha kuieleza, amonia kidogo isiyodhuru asubuhi huwa hatari kabla ya magharibi, na ndiyo sababu siku hizi siwalishi samaki wa dhahabu chakula kingi mchana, bali kile wanachoweza kukimaliza kwa dakika mbili au tatu. Ukijani wa maji yenyewe huvuruga usomaji wa rangi. Dawa yake ni kujaza kichupa kingine maji yaleyale yasiyotiwa matone na kuiangalia rangi ya kadi kupitia humo, ili pande zote mbili ziwe na ukijani sawa.

Kilichokosekana kisandukuni ni kipimo cha kaboneti, yaani uwezo wa maji kuizuia pH isiporomoke. Bakteria wa chujio huzalisha asidi wanapoigeuza amonia, nayo asidi hiyo huzila kaboneti polepole, hivyo tangi la miezi mingi lisilobadilishwa maji huweza kushuka pH chini ya 6, mahali ambapo bakteria wenyewe huzorota na amonia hurudi. Watengenezaji wameona vyema kuweka vipimo viwili vya pH, cha chini na cha juu, ambavyo mwenye tangi moja hatumii vyote. Ningefurahi zaidi kama kimojawapo kingepisha kipimo hicho, ambacho nimelazimika kukinunua peke yake.

Oksijeni nayo haipimwi, ingawa hapo seti husaidia kwa njia ya kuondoa uwezekano mwingine. Samaki wanaohema juu ya maji huenda wameumizwa na nitriti, ambayo huizuia damu yao kubeba oksijeni, au huenda maji yenyewe yamepungukiwa, maana maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi 20 hushika miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita na yenye nyuzi 30 hushika takriban 7.5 tu. Amonia na nitriti zote zikisoma sifuri, mimi huwasha pampu ya hewa ya pili badala ya kukimbilia dawa.

Mnunuzi aangalie tarehe iliyochapwa kwenye kila chupa, si kwenye kisanduku pekee, kwa sababu seti yangu ya pili ilikuja na chupa moja iliyokuwa imekaribia mwisho wake huku nyingine zikiwa mpya. Baadhi ya chupa zina asidi ya hidrokloriki, hivyo kichupa kisifunikwe kwa kidole wakati wa kutikisa, maji yaliyopimwa yasirudishwe majini kwa samaki, na kisanduku kikae juu ya kabati mahali ambapo watoto hawafiki. Kwa anayepima mara moja kwa wiki, seti moja hudumu zaidi ya mwaka. Kwangu chupa za amonia na nitrati ndizo zilizoisha kwanza huku zile za pH zikiwa zimebaki nusu, na wauzaji wengi huuza chupa hizo moja moja, kwa hiyo hakuna haja ya kununua kisanduku kizima kila mara.