Nyumba "isiyo na Wi-Fi" ya Green Bank: walichoficha ni jina tu

Tangazo lilisema hakuna Wi-Fi, hakuna mnara, panafaa wanaosema wanaugua kwa mawimbi ya simu na Wi-Fi. Hiyo sentensi ndiyo niliyoilipia, maana bonde lile lile la West Virginia, Marekani, lina nyumba za nusu bei.

Ukifika nyumba ya namna hii, kabla ya kufungua begi zima simu zote kabisa, la sivyo utakuwa unajipima mwenyewe. Kipimo chako cha mawimbi kisome kilele, si wastani: ruta isiyo na kazi hutoa mapigo mafupi kama kumi kwa sekunde, na kwenye wastani yanazama usiyaone. Chenye spika ni bora kuliko cha taa tupu. Wi-Fi hulia tk-tk-tk-tk, kama mjusi wa ukutani mwenye haraka.

Nilimsikia mjusi huyo nikiwa bado mlangoni. Nikamfuata mpaka kabati la viatu: ruta, taa zote zinawaka, juu yake wametandika taulo!

Nikampigia mwenye nyumba. "Kwenye simu yako unaiona? Huioni. Basi haipo." Kumbe alichofanya ni kuficha jina la mtandao. Jina likifichwa ruta inaendelea kutangaza vile vile, ila pale pa jina inaacha tupu. Ni kung'oa kibao cha duka ukadai duka limefungwa. Nilipomwambia hivyo akanijibu nikasome kwanza habari za eneo la ukimya wa redio ndipo nije kumfundisha.

Nimezisoma, ahsante. Eneo hilo liliwekwa mwaka 1958, maili za mraba zipatazo 13,000, kulinda darubini za redio, zile zinazosikiliza mawimbi hafifu ya angani, si kichwa cha mgeni. Linabana minara na mitambo ya kudumu ya kurushia, ndiyo maana simu ya mkononi huko haishiki. Ndani ya nyumba za watu ni habari nyingine. Wakazi wengi wana Wi-Fi zao na hawafichi.

Kilichonimaliza ni simu yenyewe niliyompigia. Ni ile ya mezani isiyo na waya, na kitako chake kimekaa jikoni, ukuta mmoja na kitanda. Kitako kama hicho hurusha mapigo 100 kwa sekunde usiku kucha, hata kama hakuna anayeongea. Kwenye spika ni mvumo, nyuki ndani ya debe. Dawa yake ni simu ya kizamani yenye waya: ichomeke kwenye tundu lile lile la ukutani, kitako kichomoe. Ila chunguza kwanza laini inakopita. Ikiwa inapitia kwenye ruta, ukiichomoa ruta umejikatia na simu ya dharura, na nyingine huna. Hapo zima Wi-Fi peke yake, kwa kitufe cha nyuma au kwa kompyuta iliyounganishwa kwa kebo, na uzime masafa yote mawili, gigahetsi 2.4 na 5. Wengi huzima moja wakaenda kulala. Printa nayo ichomoe. Ya pale sebuleni ilikuwa inarusha mtandao wake yenyewe, bila kutumwa na mtu.

Mwisho shusha swichi kubwa. Kinachoendelea kulia umeme ukiwa umekatika, kama si cha betri, kinatoka nje, na hicho huna la kukifanya. Pale hakikulia kitu. Sindano ililala kwenye sifuri, na nakiri sijawahi kuiona imelala hivyo mahali penye kitanda na maji ya moto.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2005 kwamba dalili za watu wanaosema wanaugua kwa mawimbi ni za kweli, ila hakuna msingi wa kisayansi wa kuzihusisha na mawimbi hayo. Wabishane wanaotaka. Mimi niliahidiwa nyumba iliyozimwa, nikapewa iliyofichwa.

Hata hivyo nilikuwa nimeshaamua nyota nne, kwa ajili ya ile sifuri. Ndipo ikaja risiti: dola 40, "kuchezea vifaa". Nyota moja! Haya, mbili, maana pa kulinganisha napo sina. Ukienda, beba simu ya waya, na uanze na kabati la viatu, chini ya taulo.