Stenti ya umio: kazi safi, maelezo sufuri

Nyota nne kati ya tano, na ile moja nimewanyima makusudi.

Mjomba ana saratani ya umio, yaani bomba la chakula kutoka kooni hadi tumboni, ambayo imeshafika kwenye ini, kwa hivyo habari ya kupasuliwa haikuwepo. Alikuwa hata mate hayapiti, anatemea kopo. Hospitali moja hapa kisiwani Mombasa wakamwekea stenti: kijibomba cha wavu wa chuma kinachopitishwa mdomoni kikiwa kimebanwa, kikifika penye uvimbe kinajitanua chenyewe. Daktari alitwambia wazi kwamba haitibu saratani, inafungua njia ya chakula tu. Hapo namsifu, maana wengine huzunguka weee.

Siku za mwanzo kifua kilimuuma sana, kisha akaanza uji, mara mashendea ya tui, mara changu aliyetolewa miiba akapondwa. Chai ya tangawizi sasa anaimaliza na kuuliza kama kuna nyingine.

Nyota iliyopotea ni hii. Tulitolewa wodini na karatasi ya Kizungu na agizo moja: ale vyakula laini. Sasa mzee wa Kisauni ukimwambia laini, si atachovya boflo kwenye chai? Boflo likavimba, likaziba stenti, tukarudi usiku kuzibuliwa kwa kamera na kulipa upya.

Aliyetuokoa ni muuguzi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mateso mgonjwa wa maradhi mazito, anayekuja nyumbani. Alikaa jikoni na mkaza mjomba, wakapitia sufuria moja moja. Mkate wowote hapana, wala nyama ya vipande. Ale ameketi wima, tonge dogo, maji kila baada ya matonge machache, na soda kidogo mwisho kusafisha njia. Kwa vile stenti yake imewekwa hadi mlango wa tumbo, tindikali hupanda, basi alale kichwa kimeinuliwa.

Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, ilizua vita. Mkaza mjomba alidhani mzee atakuwa teja. Muuguzi alimweleza taratibu kwamba dozi ya maumivu, ikipimwa na kutolewa kila saa 4, si mambo ya maskani. Akaongeza dawa ya kulainisha choo, kwani mofini hufunga tumbo.

Mzee anazidi kukonda, hilo halifichiki. Lakini jioni yuko barazani anabishana mpira.

Ukienda, usitoke wodini kabla hawajakutajia vyakula kwa majina. Na muuguzi mpigie asubuhi mapema. Mchana daraja la Nyali likijaa magari, hafiki.