TAHADHARI: Muuza rulema za "Sweden" hapa Lubumbashi ni mwizi

Ndugu wa Lubumbashi, wenye mashine za kukata majani, wenye moteri za kusaga, wenye pikipiki, hata wenye pompe za maji: someni hii kabla ya kwenda mjini kununua rulema, yaani beringi, zile pete za chuma zenye gololi ndani. Kuna bwana mmoja wa vipuri ameniuzia vyuma vya jalalani ndani ya boksi jipya, kwa bei ya vitu vya kweli, huku akinitazama machoni na kuniita papa, yaani baba. Jina lake siliandiki hapa, wala la duka, maana namjua: polisi wataitwa kwangu mimi, si kwake. Ila ukiingia mahali ukakuta redio ya nyimbo za Mungu iko juu kabisa na muuzaji anakataza kupiga picha, geuka urudi ulikotoka.

Mashine yangu mnaijua, ile ya kukalia niliyoachiwa na Mbelgiji wa mtaa wa Golf. Visu vitatu. Kila kisu kina shafti yake, na kila shafti inakaa juu ya rulema mbili, moja juu na moja chini, katikati kuna kibomba cha kuzitenganisha. Kwa hiyo rulema sita. Zangu zilikuwa zimekwisha kazi yake: unashika ncha ya kisu, unatikisa juu na chini, kinacheza, unakizungusha kwa mkono, unasikia kama kuna changarawe ndani. (Toeni waya wa buji, ile plagi ya moto, kabla ya kushika kisu, hilo silirudii.) Majani yakawa yanabaki ngazi ngazi, na mvua ndiyo hizi zimeshaanza, na wateja wangu wa mtaa wa Bel Air mnawajua midomo yao. Ikabidi nibadilishe zote kwa pamoja.

Sasa nawaeleza kila kitu alichofanya huyo bwana, maana kuna watu hapa wameshaanza kusema "ungeangalia vizuri". Niliangalia vizuri. Sikieni.

Hakunikimbilia kama wale wa nje wanaokuvuta shati. Nilimkuta anakula. Akanawa mikono taratibu, akanisalimia, na aliposikia jina langu akabadili na kuniongelesha Kibemba, cha kweli, si kile cha kuokoteza mpakani Kasumbalesa. Nikaweka rulema yangu ya zamani juu ya meza, nyeusi, namba haisomeki. Hakuuliza ni ya mashine gani. Akaisugua kwa kidole gumba, akaipima uzito mkononi, akasema: "Papa, hii njo 6203. Kumi na saba, makumi ine, kumi na mbili."

Yaani tundu milimita 17, upana wa nje 40, unene 12. Bila kitabu na bila kipimo. Mimi nilikuwa nimeshapima nyumbani na namba nilikuwa nayo mfukoni kwenye karatasi, na ilikuwa hiyo hiyo. Sasa niambieni, mtu anayejua vipimo vya chuma kwa kidole gumba, wewe ungemwita tapeli?

Halafu akatoa zile za dola tatu. Akazitoa mwenyewe, na kabla sijazigusa akazirudisha mwenyewe. "Hizi usibebe, papa. Vumbi ya huku itazikula. Weye unafanyia bakubwa kazi, zitakupatisha haya." Hapo ndipo aliponimaliza. Muuzaji anayekukataza bidhaa yake mwenyewe! Nimenunua vipuri katika mji huu miaka mingi, na wote huanza kwa kukusukumia takataka, kisha wewe unabishana nao. Huyu alibishana upande wangu.

Akapanda kwenye kiti, akashusha boksi kutoka rafu ya juu kabisa, akalipuliza vumbi. SKF, herufi kubwa, na chini yake imeandikwa Sweden. Kampuni yenyewe haina kosa, nayo inaibiwa jina kama mimi nilivyoibiwa pesa. Ilikuwepo tangu 1907, na jina hilo kila fundi wa Katanga amelikuta kwenye mashine za migodi. Huyo bwana anajua kwamba tunalijua.

Akatoa moja ndani ya karatasi yake. Akatia kidole katika tundu, akaizungusha. Ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka, bila sauti hata kidogo, na yeye amenyamaza tu, ananitazama. Akanisogezea sikioni. "Sikiliza." Akachukua ile yangu ya zamani, akaizungusha karibu na sikio langu la pili: kra, kra, kra. Kulikuwa na wateja wawili nyuma yangu, mmoja akasema "eh, ile njo rulema". Leo najiuliza kama wale walikuwa wateja.

Dola 11 moja. Zote sita 66, akanipunguzia hadi 60, na alipunguza kwa taabu, kama mtu anayeumwa tumbo. Watu wanasema dalili ya wizi ni bei ya chini. Bei haikuwa ya chini! Akaandika fakture, yaani risiti, akagonga muhuri. Nilipotaka kulipa kwa M-Pesa, namba ikatoa jina la mwanamke. Akasema ni la mke wake, yeye simu yake wameiiba sokoni. Na mimi nikampa pole. Nikasimama pale, nikampa pole ya kuibiwa, mwizi yule!

Kuhusu kazi ya kuzifunga, mtu asiniguse hapo. Sikupiga nyundo. Nilizipeleka kwa presi, mashine ya kukandamiza, ya kijana wa Kampemba, mnamjua, na nilisimama naye. Rulema inapoingia katika nyumba yake, kile kikombe cha alumini kinachoibeba, unasukuma pete ya nje. Shafti inapoingia katika rulema unazuia pete ya ndani. Ukisukuma pete isiyo yake, nguvu zinapita kwenye gololi na unaiua kabla haijafanya kazi. Tulifanya kama inavyotakiwa, na kibomba cha katikati tulikirudisha mahali pake, maana bila hicho ukikaza nati unazibana rulema mbili zikigombana. Kitu kimoja tu kilinishangaza: pete ya ndani iliteleza kwenye shafti yenyewe, wakati zile za zamani zilitaka kugongwa kidogo. Kijana akasema "labda njo ubora". Tukacheka.

Nikaenda kwa Mama mwenye ile nyumba ya Golf, na kwa kuwa alikuwa amesimama kwenye baraza, nikamwambia kwa sauti kwamba safari hii nimeweka za Ulaya. Kwa nini nisimwambie? Nilikuwa nimelipa za Ulaya.

Sehemu ya kwanza ya uwanja ilikatwa vizuri sana. Kisha upande wa miembe nikasikia mlio, mwembamba, kama filimbi. Nikadhani mkanda. Kisha harufu ya mpira unaoungua, na hapo nikadhani mkanda zaidi. Nilipofikia kuzima kitufe cha visu, kisu cha kushoto kilikuwa kimeshainama na kugonga ukingo wa lile sinia la chuma linalobeba visu. Mlio wake ulitoa watu kwenye nyumba ya jirani. Jiwe liliruka likapasua kioo cha kibanda cha sentinele, mlinzi wa geti. Sentinele mwenyewe alikuwa ameenda kununua mkate, Mungu ni mwema. Mnajua ncha ya kisu inakwenda kwa mwendo gani? Kanuni ya usalama wanayotumia Marekani inaruhusu hadi mita 96 hivi kwa sekunde moja. Kitu chenye mwendo huo, kinachoshikiliwa na chuma cha jalalani, na watoto wa Mama walikuwa likizo.

Mama akashuka kwenye baraza, akaangalia ile nyumba ya rulema iliyopasuka, akaniuliza kwa upole kabisa: "Papa, zile za Ulaya njo hizi?" Mwanafunzi wangu alikuwa pale, na mpishi, na wale majirani. Bora angenitukana.

Kioo nimelipa mimi. Nyumba ya rulema ni ya alumini, haichomelewi hapa vizuri, inatafutwa nyingine. Mkanda umekwisha. Dola 60 zimekuwa hesabu nyingine kabisa.

Nilimrudia. Hakushtuka, na hakukumbuka Kibemba. Akaigeuza rulema, akasema "fundi yako alipiga nyundo". Nikamwambia presi. Akasema presi ilikuwa imepinda. Nikamwonyesha fakture, akasema fakture ni ya rulema, si ya mashine yangu. Nikatoa simu nipige picha ya rafu, kijana wake akasimama mbele yangu: hapa hatupigi picha, patro hapendi.

Basi nikarudi nyumbani na zile ambazo hazijavunjika, nikang'oa kifuniko cha mpira kwa ncha ya kisu kidogo. Ndani grisi kidogo sana, mpya, imepakwa juu, na chini yake nyingine ya kahawia, ya zamani. Njia ya gololi ina mstari na vidoa. Pembeni ya pete ya nje, ukiitega kwenye jua, unaona maandishi mengine yaliyosuguliwa yakafutwa. Rulema zilizotumika! Zimetolewa katika mashine ya mtu, zikaoshwa kwa esanse, yaani petroli, zikasuguliwa, zikaandikwa upya na kuvikwa boksi. Labda ni zangu za mwaka juzi nilizozitupa, nani ajuaye.

Na ule mzunguko alionichezea sikioni ndio wizi wenyewe, sikieni vizuri hapa. Rulema mpya yenye vifuniko vya mpira pande mbili, ile inayoandikwa 2RS, imejaa grisi ya kutosha na mipira inabana pete. Ukiizungusha kwa kidole ni nzito, inasimama upesi. Hiyo ndiyo nzuri. Inayozunguka kama feni haina grisi au imekwisha kuliwa. Yaani alinionyesha ubovu wake mbele ya macho yangu akauita ubora, na wote katika lile duka tukaitikia amina.

Mtu wa namna hii apelekwe gereza la Kasapa, akae huko na rulema zake. Si faini. Faini atailipa kwa pesa yangu. Nataka OCC, ile ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, waingie lile duka, washushe yale maboksi ya rafu ya juu moja moja, wamwage yote barabarani mbele ya watu, gari ya taka ipite. Na yule kijana wa "hatupigi picha" naye asiachwe, anajua kila kitu. Na anayewapelekea maboksi hayo, kwa sababu boksi halijichapi lenyewe. Huyu hauzi rulema za mashine za majani tu! Kuna mtu ameweka hizo kwenye gurudumu la mbele la pikipiki na amebeba mke wake na mtoto kwenda Kasumbalesa. Hilo mtaliita biashara?

Kuhusu dalili za rulema za bandia, wengi mnauliza: ule mzunguko nimeshasema. Boksi la kwangu liliandikwa C3, alama ya nafasi kubwa kidogo kati ya gololi na pete, ila pete yenyewe haikuandikwa C3, na hilo ningeweza kuliona pale pale kama asingekuwa ananichezesha sikioni. Maandishi kwenye pete, sugueni kwa kitambaa chenye esanse kidogo. Yangu yalianza kuondoka. Harufu pia. Pesa kwenda kwa jina lisilo lake. Kuna programu ya simu ya kampuni yenyewe, SKF Authenticate, unapiga picha ya boksi na ya rulema wanakuangalizia. Duka likikataa picha, umeshapata jibu. Na mpime, msiseme 6203 kwa sababu mimi nimesema 6203, mashine nyingine zinataka 6204 au 6205. Kwa majani mabichi na vumbi letu chukueni 2RS, si zile za vifuniko vya bati. Mengine nitaandika nikitulia, sasa hivi sijatulia.

Wenye fakture zake zenye muhuri ule ule, msizitupe, na maboksi msiyatupe. Zile zangu nimezifunga kwenye mfuko pamoja na kifuniko nilichong'oa. Tukifika OCC watu wanne au watano na vitu mkononi, hatatuambia habari za nyundo.

Na wewe unayenipigia simu tangu jana kumwombea, eti ni baba wa watoto na anaimba katika kwaya: mwambie arudishe dola 60, na ya kioo, na ya mkanda, na ya alumini. Kwa M-Pesa, jina la mke wake si tatizo.