No More Heroes: Upanga Unaochajiwa kwa Kutikiswa

Goichi Suda, mtunzi wa gemu wa Kijapani ajiitaye Suda51 kwa kuwa 5 na 1 kwa lugha yake husomeka "go" na "ichi", aliwahi kufanya kazi ya mazishi kabla ya kuingia katika fani hii, na pengine ndiyo sababu kifo katika kazi zake huja na kicheko kisichokaa sawa moyoni. Gemu yake No More Heroes ilitoka mwaka 2007 kwa Wii, mashine ya kuchezea gemu ya kampuni ya Nintendo; mimi nimeicheza katika toleo la mwaka 2020 la Switch, mashine nyingine ya kampuni hiyo.

Mhusika wake, Travis Touchdown, ni kijana wa motelini katika mji wa kubuni wa Santa Destroy, California, shabiki wa mieleka na katuni za Kijapani, aliyejipatia upanga wa miale kwenye mnada wa intaneti. Akiwa wa 11 katika orodha ya wauaji wa kukodiwa, hana budi kuwaua kumi walio juu yake.

Mapigano ndiyo uhai wa gemu hii. Unakata kwa kitufe, kisha pigo la mwisho unalipiga kwa kupunga mkono ulioshika kidhibiti kuelekea upande wa mshale, na damu hufoka kama maji ya bomba lililopasuka. Upanga nao huishiwa chaji, nawe hulazimika kusimama katikati ya vita na kuutikisa hadi ujae, jambo la aibu kidogo ukiwa na wageni sebuleni, lakini linalokufanya uipime kila hatua. Pambano na Holly Summers, mmoja wa wauaji hao kumi, ufukweni, ambako Travis, baada ya kumshinda mwanamke huyo, anashindwa kumuua, lilinifanya niweke kidhibiti chini kwa muda.

Udhaifu upo mjini. Kila pambano lina ada, na ada hutafutwa kwa vibarua vya kuokota takataka, kukata nyasi na kukusanya nazi. Naelewa kwamba Suda anamkejeli muuaji asiye na nauli, ila kejeli hiyo inachosha mapema, na barabara za Santa Destroy ni tupu mno kuendeshea pikipiki kwa raha.

Anayeinunua leo asicheze kwa vitufe peke yake: achomoe vidhibiti kwenye mashine, ashike kimoja kila mkono, na vikombe vya chai aviweke mbali.