Eti unga unayeyuka majini!

Mnisamehe, bado nina hasira.

Likizo ile nilimpeleka binti yangu wa gredi ya tatu kwa masomo ya sayansi ya Jumamosi hapa Kisumu. Mahali sipataji. Siku hiyo walikuwa wanajifunza vitu gani vya nyumbani vinayeyuka majini: chumvi, sukari, mchanga, unga wa mahindi. Kila mtoto na glasi yake, kijiko chake. Nikasema hapa pesa yangu imefika.

Kufika unga, maji yakawa meupe, mwalimu akatangaza, "Umeyeyuka." Binti yangu akasema haujayeyuka, umejificha tu. Akaambiwa anyamaze, asijifanye mjuaji. Wenzake wakacheka.

Sasa jamani, mimi nauza unga Kibuye! Mtoto huyu anakoroga uji tangu aweze kushika mwiko. Anajua ukichanganya unga na maji baridi halafu ugeuke kidogo kumwita mtu, ukirudi umeshuka chini wote, na usipoukoroga tena kabla ya kuumimina kwa sufuria utakunywa madonge. Sukari ya chai imewahi kukufanyia hivyo? Ukishaikoroga imekwisha, juu tamu, chini tamu.

Nilipoenda kumchukua nikamuuliza mwalimu kwa heshima, tuiache ile glasi dirishani tuone? Akaitazama leso yangu yenye vumbi la unga, akasema, "Mama, sayansi tuachie sisi." Kisha akaimwaga nje, mimi nikiangalia.

Nikaapa hatukanyagi tena pale.

Ila sitasema uongo, yule dada msaidizi ni hodari. Alimpa kila mtoto kifuniko cha chupa chenye matone ya maji ya chumvi, wakaanika juani, na kabla ya chakula cha mchana chumvi ilikuwa imerudi, chembe nyeupe kabisa. Mpaka leo dirisha langu limejaa vifuniko. Kwa sababu yake ningesema mpelekeni watoto. Kwa sababu ya yule mwingine, kaeni nao nyumbani.

Tulirudi, lakini. Usiku tulikuwa tumechanganya glasi yetu, asubuhi unga umelala chini kama kidole kimoja, maji juu karibu yameng'aa. Nikaifunika, nikaipakata kwenye tuktuk. Barabara mnaijua. Kufika pale glasi nzima ilikuwa nyeupe kama maziwa.

Mwalimu akaichungulia. "Si umeona, mama? Umeyeyuka."