Siku Moja Bukavu kwa Njia ya Ziwa: Je, Nauli Inalipa?

Jambo sana, watazamaji wapendwa, ninyi mlioko hapa Goma na ninyi mnaotutazama kutoka Minova, Beni na hata Lubumbashi. Bidhaa tunayoichambua leo haipangwi kwenye rafu ya duka: ni siku moja ya matembezi mjini Bukavu, ambayo mtu huinunua kwa tikiti ya boti katika bandari yetu na kuitumia kuanzia alfajiri hadi jua linapokuchwa. Swali ambalo ndugu na marafiki huniuliza ni kama siku moja inatosha, au kama ni kuitupa nauli majini. Inatosha, lakini kwa sharti ambalo wapangaji wengi hulisahau, nalo ni kuipanga siku kwa kuyafuata maji badala ya kuifuata orodha ya majengo. Bukavu ni mji unaokuonyesha Ziwa Kivu kila unapogeuza shingo, na papo hapo unakunyima mahali pa kulifikia, kwa kuwa sehemu kubwa ya ufuko wake imezungushiwa kuta za viwanja vya watu binafsi.

Tuanze na usafiri, maana ndio nusu ya bidhaa yenyewe. Kwa barabara inayopita Sake, Minova na Kalehe ni karibu kilomita 200, na hata katika miaka ya utulivu barabara hiyo ilimla msafiri siku nzima. Kwa maji, umbali ni karibu nusu ya huo. Tangu waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari ya mwaka huo huo, ndege za abiria zikasimama na benki zikafunga milango, jambo lililoufanya mzigo wa usafiri wa miji hii miwili uwaelemee wenye boti. Kwa hiyo, kabla hamjalipa hata franga moja, ulizeni bandarini, na muwaulize pia jamaa walioko Bukavu kwenyewe, hali ya usalama ya juma hilo, saa halisi za kuondoka, na kama kuna amri yoyote ya kutotembea usiku. Ratiba mliyotumiwa kwa simu mwezi uliopita msiitegemee.

Kuna boti za usiku, ambazo ni kubwa na za polepole, zinazoondoka Goma jioni na kuwafikisha abiria Bukavu alfajiri. Na kuna kanoti za mwendo wa kasi, zinazokata ziwa mchana kwa muda wa saa tatu hivi, kutegemea injini na mawimbi. Boti ya usiku inakupa siku nzima mjini bila kulipia hoteli, lakini inakupokonya mandhari, kwa sababu unapita pembeni mwa kisiwa cha Idjwi gizani na kuambulia taa za wavuvi wa sambaza tu. Taa hizo zina uzuri wake, sikatai, hasa pale mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja inapojitokeza ghafla ikiwa na nyavu zake zilizoning'inia kwenye miti mirefu. Kanoti inakupa mandhari yote, na inakula asubuhi yako. Ninachopendekeza, basi, ni kuvichanganya: nendeni kwa boti ya usiku, mrudi kwa kanoti ya alasiri ikiwa ipo siku hiyo.

Katika safari ya kurudi, chagueni kiti cha upande wa kushoto. Boti hupita kati ya Idjwi na ufuko wa Kalehe, na aliyeketi kushoto huiona milima ya magharibi ikibadilika rangi jua linaposhuka nyuma yake, pamoja na kilele cha Kahuzi chenye urefu wa mita 3,308 iwapo mawingu yatakuwa na huruma. Wa kulia ataiona Idjwi yenyewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa hili, na migomba yake inayoteremka hadi majini, naye hatalalamika.

Juu ya usalama wa majini sitasema kwa mafumbo. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya Kituku, hapa kwetu, watu wakiitazama kutoka nchi kavu, na makumi ya abiria wakafa. Ilikuwa imejaza watu na mizigo kupita uwezo wake. Kwa hiyo, katika uchambuzi wangu, kigezo cha kwanza cha boti si kiti laini wala televisheni iliyo ukumbini, bali ni jaketi la kuokolea. Liulizeni kabla ya kuketi, livaeni, lifungeni kamba zake zote, na mkiona sitaha imejaa magunia mpaka watu wanakanyagana, shukeni, hata kama tikiti hairudishwi. Nauli iliyopotea hutafutwa tena.

Mfukoni wekeni kitambulisho, ambacho kwa wengi wetu ni kadi ya mpiga kura, kwa kuwa kitaombwa unapopanda na unaposhuka. Wekeni pia pesa taslimu za aina mbili: franga ndogo ndogo kwa ajili ya moto, yaani pikipiki za abiria, na soko, na dola safi kwa ajili ya chakula, maana dola yenye mchaniko mdogo kama ukucha hakuna anayeipokea, ingawa sijapata kuelewa ni kwa nini mchaniko huo huo hauipunguzii franga chochote. Wenye pesa kwenye simu watalipia mambo mengi bila taabu. Jambo jingine: msipige picha bandarini, wala kwenye madaraja, wala penye askari. Hiyo ndiyo sababu video hii haina picha hata moja ya gati. Simu iliyotolewa mahali pasipofaa inaweza kuwagharimu asubuhi nzima.

Sasa tumefika, ni alfajiri, na hapa bidhaa inaonyesha ubora wake. Msiwe na haraka ya kukusanya mizigo. Simameni sitahani, kwa sababu umbo la Bukavu linaonekana vizuri kutoka majini kuliko kutoka mahali popote pa nchi kavu: rasi tano zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono, nyumba za wakati wa Wabelgiji, mji ulipoitwa Costermansville, zikiwa zimejipanga juu ya rasi hizo, na nyuma yake vilima vya Kadutu vilivyofunikwa mabati hadi kileleni. Ziwa lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo baridi ya alfajiri ni ya kweli, na mwenye kuvaa fulana pekee atajuta kabla hajanywa chai.

Mpango wa ardhini lazima uzingatie kasoro kubwa ya mji huu, ambayo ni barabara. Bukavu ilijengwa kwa ajili ya watu wachache, na magari yake karibu yote hulazimika kubanana kwenye uti wa mgongo mmoja, Avenyu Patrice Lumumba. Ramani itakuambia kwamba mahali fulani ni kilomita tatu tu. Ramani haijui miteremko, haijui matope, wala haijui lori lililokwama. Ndiyo maana nawashauri mbaki katika komini ya Ibanda muda mwingi wa siku, mtembee kwa miguu asubuhi kungali na ubaridi, na kutumia moto pale tu mlima unapowashinda.

Anzeni na Kanisa Kuu la Notre-Dame de la Paix, lenye kuba linaloonekana kutoka mbali, si kwa ajili ya jengo peke yake bali kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na kiti cha Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa katika mji huu tarehe 29 Oktoba 1996, na ambaye wazee wa Bukavu bado humzungumzia kama mtu aliyeondoka jana. Kutoka hapo teremkeni kuelekea Muhumba, mkaulizie makumbusho ya Mapadre Waxaveri, Musée du Kivu. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kitu cha ndani ya nyumba kinachostahili muda wenu kuliko vyote. Humo huonyeshwa sanaa ya Walega, kabila la mashariki mwa Kongo, inayojulikana kwa vinyago vidogo vyenye uso wa umbo la moyo uliopakwa chokaa nyeupe, ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya kuvaliwa na kuchezewa tu, bali vilikuwa alama za ngazi katika chama cha Bwami, ambako mtu alipanda daraja kwa mafunzo, methali na tabia njema. Mara nyingi vitu vya namna hii huonekana katika makumbusho ya Ulaya. Kuvitazama huku ukisikia Kiswahili cha Kivu nje ya dirisha ni jambo tofauti kabisa.

Kisha endeleeni hadi La Botte, rasi inayofahamika kuliko zote, yenye nyumba za kale, miti mikubwa na kimya ambacho mtu wa Goma, aliyezoea vumbi la lava na kelele za moto, huweza kukishuku. Ni hapa mtakapoliona tatizo nililolitaja mwanzoni. Maji yako kulia, maji yako kushoto, na baina yenu na maji pana ukuta, lango na mlinzi. Suluhisho la heshima ni kuketi kwenye baraza la hoteli mojawapo ya kando ya ziwa na kulipia chakula cha mchana. Bei ni ya juu, lakini mnalipia nafasi zaidi ya sahani. Agizeni sambaza wa kukaangwa. Samaki hao wadogo hawakuwa wenyeji wa Kivu: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni vigumu kuiwaza meza ya Bukavu au ya Goma bila wao. Wakiletwa pamoja na bugali, sombe (majani ya muhogo) na pilipili, msiharakishwe na mtu. Mhudumu akisema samaki watachelewa, mwaminini, na muagize mapema.

Asiyependa bei ya baraza aende soko la Beach Muhanzi, lililo ufukoni, ambako mitumbwi hushusha ndizi, nanasi, maharage na mkaa kutoka Idjwi na pwani nyingine za ziwa. Pale maji yanafikika bila mlinzi. Hata hivyo, mchambuzi hana budi kusema ukweli wote: ufuko ni mchafu, na chupa za plastiki mtakazoziona zikielea haziishii pale, bali husukumwa hadi mto Ruzizi unapoanzia, zikaenda kuziba mitambo ya bwawa la umeme linaloihudumia miji yetu. Umeme ukikatika nyumbani Goma, huenda mkaikumbuka chupa ile. Soko la Kadutu ni kubwa zaidi na lina vitenge vizuri, lakini limo mlimani, na kwa siku moja naliacha bila majuto.

Mnaweza pia kumwomba mwenye moto awapitishe upande wa Nguba hadi mahali ambapo Ruzizi inatoka ziwani na kuitenga Bukavu na Rwanda. Hakuna kivutio kilichojengwa pale, ila fikirini kwamba zamani za kale maji ya ziwa hili yalielekea kaskazini, kwenye njia ya Nile, hadi volkano za Virunga zilipojenga ukuta na kuyageuza yaende kusini, Tanganyika. Milima inayotutisha sisi wa Goma ndiyo iliyoupa mji wa Bukavu mto wake.

Kuna jambo moja ambalo nawaomba mlifute kabisa kwenye mpango. Msidanganywe kwamba katika siku hiyo hiyo mnaweza kwenda Hifadhi ya Kahuzi-Biega, mkatazama gorila na kurudi kupanda boti. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1980, ina thamani kubwa mno, lakini tangu mwaka 1997 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini, na usalama wa maeneo yake haupaswi kubahatishwa na mtu mwenye tikiti ya kurudi mkononi. Ukitazame kilele chake kutoka kwenye kanoti, basi.

Kuhusu majira, Juni hadi Agosti ndiyo miezi mikavu, na njia za mlimani hupitika bila kuteleza. Kuanzia Septemba mvua hurudi, mara nyingi alasiri, saa ile ile mnayotaka kuwa ziwani. Katika miezi hiyo geuzeni ushauri wangu, mrudi kwa boti kubwa ya usiku na kuiacha kanoti. Kwa ujumla naipa siku hii alama saba kwa kumi. Mbili zimeondolewa na kuta za ufukoni, na moja na msongamano wa Avenyu Lumumba. Boti yenyewe sijaipa alama, kwa sababu hutofautiana mno: ileile iliyowabeba vizuri mwezi huu inaweza kujazwa kupita kiasi mwezi ujao.

Wawekeni wenye wazazi wazee au watoto wadogo katika mpango wao wa pekee. Hao wasipande kanoti hata kidogo: walipie kibanda chenye kitanda katika boti ya usiku, kwenda na kurudi, wawe bandarini mapema kabla ya umati kuanza kusukumana ngazini, na wamuagize ndugu mmoja aje kuwapokea Goma kwa taksi, kwa kuwa kumpakia bibi mwenye usingizi kwenye moto, alfajiri, juu ya mawe ya lava, ni kazi ambayo sitampendekezea mtu yeyote.